Namba ya uwiano au isiyo ya uwiano? Mwongozo kamili wa kuzitenganisha bila kudanganywa na mashini

Chukua mashini ndogo ya kuhesabu, ile ya tarakimu nane ambayo wabadilisha pesa wa mtaa wa Birere, Goma, wanaibonyeza kutwa nzima. Gawa 1 kwa 3, kisha zidisha kwa 3. Inakuletea 0,9999999. Sasa tafuta kipeuo cha pili cha 2, upate 1,4142135, uandike namba hiyo upya na kuizidisha kwa yenyewe. Inakuletea 1,9999998. Mara zote mbili imeshindwa kurudi ilikotoka, na ukitazama kwa macho utasema makosa hayo ni ndugu wa tumbo moja. Kumbe theluthi moja ni namba ya uwiano, na kipeuo cha 2 si cha uwiano wala hakitakuwa. Mashini imekata mkia wa zote mbili bila kujua inakata nini.

Jioni huwa nawasaidia watoto wa jirani hesabu hapa Majengo, Goma, wengine wakiwa karibu na Egzetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Karibu kila kosa ninalokuta kwenye somo hili linaanzia hapo: mtoto ameangalia sura ya namba kwenye kioo cha mashini na kuihukumu. Ninachowaambia ni kuacha sura na kuuliza namba imetoka wapi. Imezaliwa na mgawanyo? Imezaliwa na kipeuo? Na duara? Jibu liko kwenye asili yake.

Kuhusu maneno: darasani tunasoma kwa Kifaransa, kwa hiyo utasikia rasionele na irasionele. Hapa nitasema namba za uwiano na namba zisizo za uwiano. Rasine kare ndiyo kipeuo cha pili, alama yake √. Desimali nitaziandika kwa koma kama tulivyozoea Kongo, na nukta itatenganisha maelfu.

Hatua ya kwanza: sheria ni moja

Namba ni ya uwiano ikiwa inaweza kuandikwa kama namba kamili juu ya namba kamili, mradi ya chini isiwe sifuri. Basi. 7 ni ya uwiano kwa sababu ni 7/1. −4 ni −4/1. Sifuri ni 0/5, au 0/9, upendavyo. 2,6 ni 26/10, yaani 13/5.

Shikilia neno "inaweza". Haijalishi namba imevaa nguo gani leo. √49 imevaa alama ya kipeuo, lakini ndani yake ni 7. π/2 (π ni pai, ile ya duara) imevaa mkwaju wa sehemu, lakini pale juu hapana namba kamili, kwa hiyo mkwaju haujaisaidia kitu. Watoto wengi wanaanguka kwenye hilo la pili: wanaona mkwaju, wanaandika "ya uwiano", wanaendelea na swali linalofuata.

Hatua ya pili: desimali zinazokoma

Hizi hazina ugomvi. Desimali yoyote yenye mwisho ni ya uwiano. 0,375 ni 375/1000, ukipunguza unapata 3/8.

Ukitaka kujua kabla ya kugawa kama sehemu fulani itakoma, ipunguze kwanza hadi isipungue tena, kisha uvunje namba ya chini kwa namba tasa. Ukikuta 2 na 5 peke yake, itakoma. Ikiingia tasa nyingine yoyote, haikomi. Kwa 7/40 tuna 40 = 2·2·2·5, na kweli jibu ni 0,175. Kwa 1/12 kuna 3 ndani, na jibu ni 0,08333… Mtego uko kwenye sehemu kama 21/60. Ndani ya 60 mna 3, lakini ukipunguza unapata 7/20, na 7/20 ni 0,35. Aliyesahau kupunguza ameshapotea.

Hatua ya tatu: desimali zisizokoma lakini zinajirudia

Ndugu watatu wanagawana franga 10.000 sawa kwa sawa. Kila mmoja ana haki ya 3.333,333… na hakuna biki itakayomaliza kuandika tarakimu hizo. Lakini haki yenyewe haina utata: ni 10.000/3. Kwa hiyo urefu wa desimali peke yake haushtaki mtu.

Sasa kwa nini sehemu isiyokoma lazima ijirudie? Hapa usiniamini kwa maneno, chukua kaye, yaani daftari, ugawe 1 kwa 7 kwa mkono. Katika 10 mna 7 moja, baki 3. Katika 30 mna 7 nne, baki 2. Katika 20 ni mbili, baki 6. Katika 60 ni nane, baki 4. Katika 40 ni tano, baki 5. Katika 50 ni saba, baki 1. Simama hapo. Umebaki na 1, na 1 ndiyo uliyoanza nayo. Ukiendelea utapita njia ile ile: 0,142857 142857 142857… Unapogawa kwa 7, mabaki yanayowezekana ni 1 hadi 6 tu, kwani likitokea 0 kazi imekwisha. Basi kufikia hatua ya saba lazima baki moja lirudi, na likirudi limerudi na msafara wake wote. Ndivyo ilivyo kwa kila namba ya chini, iwe 7 au 7.000, ingawa kwa baadhi ya namba kubwa mzunguko unaweza kuwa mrefu kupita ukurasa.

Kijana mmoja aliniletea 1/17. Mashini yake ilionyesha 0,0588235. "Prof, hii haijirudii. Ni irasionele." Nikamwambia agawe kwa mkono, asiguse mashini. Alijaza nusu ukurasa, na kila alipotaka kuacha nilimwambia aendelee. Ikatoka 0,0588235294117647, tarakimu kumi na sita, na hapo hapo baki likawa 1. Akacheka mwenyewe. Mzunguko ulikuwepo, ila dirisha la mashini lilikuwa dogo mno kuuona. Tena hakuhitaji kugawa kabisa: namba ilikuja mkononi mwake ikiwa 1/17, sehemu tayari. Ilitoka wapi? Kwenye mgawanyo wa namba kamili mbili. Kesi imekwisha.

Safari ya kurudi, kutoka desimali kwenda sehemu, inafanyika hivi. Iite namba yako x. Tuseme x = 0,363636… Kundi linalojirudia lina tarakimu mbili, kwa hiyo zidisha kwa 100: 100x = 36,363636… Toa x kutoka 100x. Mikia inafanana, inaondokeana, unabaki na 99x = 36. Basi x = 36/99 = 4/11.

Ikiwa kuna tarakimu zinazotangulia kabla ya mzunguko kuanza, fanya hatua mbili. Kwa x = 0,58333… sogeza koma hadi mlangoni mwa mzunguko: 100x = 58,333… Kisha isogeze kupita kundi moja: 1000x = 583,333… Toa: 900x = 525. Hivyo x = 525/900, na ukipunguza, 7/12. Jaribu njia hiyo kwa 0,999… na utapata 9x = 9, yaani x = 1. Wanafunzi wanakasirika kila mara. Si kwamba 0,999… inakaribia 1. Ni 1 yenyewe, imeandikwa kwa mtindo mwingine.

Kuna namba mbili za kujihadhari nazo. Ya kwanza ni 0,101001000100001… ambayo inaongeza sifuri moja kila mara. Ina mpangilio, hata mtoto wa msingi anaweza kuiendeleza, lakini si ya uwiano. Kujirudia ni kundi lile lile, la urefu ule ule, bila kikomo. Mpangilio unaokua haujirudii. Ya pili ni 2,718281828… Ukisoma hapo ulipoishia utaapa kwamba 1828 inazunguka. Hiyo ni namba e, namba maarufu ya hisabati kama pai, na inaendelea 459045… Jirani wawili waliofanana hawatoshi kusema mtaa mzima unafanana. Swali likitaka uichukue kuwa inajirudia, litaweka mstari juu ya kundi. Bila mstari na bila maelezo, nukta tatu haziahidi chochote.

Hatua ya nne: vipeuo

Jirani yangu ni fundi wa mbao. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, nyumba nyingi ni za mbao, na fundi kama huyu hakosi kazi. Akitaka kuhakikisha pembe ya fremu imekaa sawa, anaweka alama sentimita 60 kwenye mbao moja, sentimita 80 kwenye nyingine, kisha ananyoosha metre, ule utepe wa kupimia, kati ya alama hizo. Ikisoma 100, pembe ni nzuri. Ikisoma 101, anagonga kidogo na nyundo na kupima tena. Hesabu iliyo nyuma yake ni 60² + 80² = 3.600 + 6.400 = 10.000, na √10.000 ni 100 kamili.

Siku moja nilimuuliza: "Papa, na fremu ya mraba, mita moja kwa mita moja, mbao ya kupita pembe kwa pembe unaikata urefu gani?" Akajibu: "Mita moja na arobaini na moja na nusu hivi, mwanangu. Halafu naipunguza na randa." Kwenye 60 na 80 hakusema "hivi". Hapa amesema, na amesema kweli, maana urefu huo ni √2 na hakuna sehemu yoyote duniani inayolingana nao.

Uthibitisho wake ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Tuseme √2 ni a/b, namba kamili zote mbili. Basi a² = 2b². Sasa vunja pande zote kwa namba tasa na uhesabu ngapi ni 2. Namba iliyozidishwa kwa yenyewe huwa na kila tasa mara shufwa: 12 ni 2·2·3, na 144 ni 2·2·2·2·3·3, kila kitu kimeongezeka maradufu. Kwa hiyo upande wa a² idadi ya 2 ni shufwa. Upande wa pili, b² ina idadi shufwa, kisha kuna ile 2 moja ya ziada mbele yake, jumla inakuwa witiri. Namba moja haiwezi kuwa na idadi shufwa na witiri ya 2 kwa wakati mmoja. Basi a na b hizo hazipo.

Hoja hiyo hiyo inafaa kwa 3, 5, 6, 10 na namba yoyote kamili chanya isiyo mraba kamili. Na angalia kwamba metre ya fundi isingeweza kamwe kutufikisha hapa. Metre ikisoma 141,4 imekupa 1414/10, namba ya uwiano. Kila kipimo cha mkono kinaishia kwenye alama fulani, na kila alama ni sehemu.

Kwa vitendo, ukipewa kipeuo cha pili cha namba kubwa, ivunje na uwaoze tasa wawili wawili. 1764 = 2·2·3·3·7·7, wote wamepata wenzao, jibu ni 2·3·7 = 42. 1350 = 2·3·3·3·5·5; 2 amebaki mseja, na 3 mmoja pia. Kipeuo chake ni 15√6, si cha uwiano. Kwa kipeuo cha tatu wanakaa watatu watatu: kipeuo cha tatu cha 216 ni 6, lakini cha 4 si cha uwiano, ingawa √4 ni 2. Soma kile kitarakimu kidogo kilichokaa juu ya alama kabla ya kusema lolote.

Kipeuo kikiwa juu ya sehemu, punguza sehemu kwanza. Hilo nililipata kwa aibu. Niliandika √(18/50) ubaoni, nikasema kwa sauti kubwa kwamba 18 si mraba, 50 si mraba, basi namba hii si ya uwiano. Msichana mmoja nyuma akauliza taratibu: "Prof, na tukipunguza kwanza?" 18/50 ni 9/25. Kipeuo chake ni 3/5. Nilifuta ubao kwa mkono wa shati.

Desimali chini ya kipeuo zigeuze kuwa sehemu. √0,09 ni √(9/100) = 0,3. Lakini √0,9 ni √(9/10), na 10 si mraba, kwa hiyo si ya uwiano. √0,4 nayo si ya uwiano, ila √0,444… ni √(4/9) = 2/3. Koma ikihama hatua moja, kila kitu kinabadilika.

Hatua ya tano: zinapochanganywa

Namba ya uwiano ukiijumlisha na isiyo ya uwiano, jibu si la uwiano daima. Sababu: kama 3 + √2 ingekuwa sehemu, basi ukitoa 3 ungepata √2 ikiwa sehemu, na tumeshaona haiwezekani. Kuzidisha ni vile vile, isipokuwa kwa sifuri, ambayo inameza kila kitu.

Zikiwa zote mbili si za uwiano, hakuna sheria. Hapa ndipo walimu wanapopenda kutega, kwa hiyo fanya hesabu hadi mwisho kabla ya kujibu. √12 · √3 = √36 = 6. (√7 − 2)(√7 + 2) = 7 − 4 = 3. Lakini √5 + √5 = 2√5, haikuokoka. Na √2 + √3? Zidisha kwa yenyewe: 5 + 2√6. Kama jumla ile ingekuwa ya uwiano, mraba wake pia ungekuwa wa uwiano, lakini ndani yake kuna √6. Basi si ya uwiano. Ukiona tu jumla ya vipeuo viwili na hujui la kufanya, kuiweka kwenye mraba ndiyo silaha ya kwanza.

Hatua ya sita: pai na wenzake

Nenda kwa mtengeneza chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, umwone anavyovika gurudumu la mbao kwa mpira wa tairi la zamani. Gurudumu likiwa na kipenyo cha sentimita 35, ukanda wa mpira ni 35 × 22/7 = sentimita 110. Ukitumia pai yenyewe utapata 109,955 na kidogo. Tofauti haifiki nusu milimita, mpira utavutika, chukudu itapanda na viazi vyake hadi sokoni. Kwa kazi hiyo 22/7 ni mfalme.

Kwa swali letu haifai. 22/7 ni sehemu, 3,142857142857…, na pai ni 3,14159265… Zimeachana kwenye tarakimu ya tatu baada ya koma. Mwanahisabati wa China, Zu Chongzhi, katika karne ya 5 alikuwa na 355/113, ambayo inakubaliana na pai hadi tarakimu ya sita baada ya koma. Bado ni sehemu, bado si pai. Aliyethibitisha kwamba pai si ya uwiano ni Johann Heinrich Lambert, mwaka 1761. Kwa e, Leonhard Euler alikuwa ameshafanya hivyo mwaka 1737. Uthibitisho wao ni mrefu kwa sekondari, unaruhusiwa kuutegemea tu. Kuhusu π + e, hadi leo hakuna aliyethibitisha ni ya upande gani. Ukiikuta kwenye jaribio la darasani, aliyelitunga amejisahau.

Logi, yaani kipeo kinachopandisha msingi hadi namba unayotaka, unaweza kuzimaliza mwenyewe. Kama logi ya 2 katika msingi wa 10 ingekuwa a/b, zote mbili chanya, basi 10 kwa kipeo cha a ingelingana na 2 kwa kipeo cha b. Upande wa kushoto una 5 ndani, wa kulia hauna hata moja. Haiwezekani. Kwa sini ya pembe, kati ya digrii kamili kutoka 0 hadi 90, ni 0, 30 na 90 pekee zinazotoa namba ya uwiano.

Za kujaribu

Funika majibu kwa kiganja. √75/√12: weka chini ya kipeuo kimoja, 75/12 = 25/4, jibu 5/2, ya uwiano. 5π/(2π): pai zinaondokeana, 5/2 tena. √6,25 ni 2,5, lakini √62,5 ni √(125/2), haipungui wala si mraba, hivyo si ya uwiano. 0,2020020002… inakua, haijirudii, si ya uwiano. (√3 + 1)² − 2√3: fungua mabano upate 4 + 2√3, toa 2√3, imebaki 4.

Ya mwisho inawatoa jasho hata wale wazuri: √(3 + 2√2) − √2. Kipeuo ndani ya kipeuo, kisha kutoa kipeuo kingine. Kila mtu anaandika "si ya uwiano" na kuweka biki chini. Zidisha 1 + √2 kwa yenyewe: 1 + 2√2 + 2, yaani 3 + 2√2. Basi kipeuo kile kikubwa ni 1 + √2. Toa √2, unabaki na 1.